Kijiko cha Mke Mdogo

Kila msimu wa asali mimi hupokea kidumu kutoka nyumbani. Huja kwa basi, kimefungwa kwa mfuko wa nailoni na kamba ya mpira, kifuniko kimezibwa kwa nta, na hata kabla sijakifungua chumba changu hunuka msitu wa miombo: moshi, maua, magome yaliyopigwa jua. Marafiki zangu huchovya mkate wakalamba hadi vidole. Mimi huonja kidogo tu, kisha nasubiri. Utamu unapita, unashuka kooni, unakwisha, na ulimi wangu bado unasubiri. Unasubiri uchungu uje nyuma ya utamu, uchungu mwembamba kama wa chaki. Miaka yote hii haujaja, na ulimi haujakata tamaa.

Mlioolewa na babu zenu utotoni mtanielewa. Kwetu Tabora mjukuu wa kike ni mke wa babu yake. Ndiyo utani wetu, na kila mtu anajua ni utani isipokuwa mke mwenyewe anapokuwa na miaka minane. Bibi alikuwa mke mkubwa. Mimi nilikuwa mke mdogo, na ndoa yangu niliichukulia kwa uzito wote.

Tuliishi Cheyo, katika nyumba ambayo Babu aliijenga alipokuwa bado anafanya kazi reli. Jioni alikaa barazani kwenye kiti chake cha kamba, nami nikajibana pembeni yake hadi kiti kikalia.

"Wewe mke mwenza," Bibi alikuwa akiniambia akitukuta hivyo, "mume unamtaka, vyombo huvitaki. Njoo uoshe sufuria."

"Mwache," Babu alisema. "Huyu nimemtolea ng'ombe."

"Ng'ombe gani? Mbona mimi niliona panzi?"

Babu alikuwa na bega la kulia pana kuliko la kushoto. Alisema ni urithi: babu yake yeye alikuwa mpagazi kwenye njia ya misafara, akibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka huku kwetu mpaka pwani, na bega lile likashuka kwa wanawe na wajukuu. Hapo ndipo nilipopanda mimi. Kutoka juu ya bega la Babu niliona mabati ya Cheyo nzima, na niliamini kwamba wapagazi wote walikuwa wakibeba wake zao wadogo kwenda kuona bahari.

Baada ya kustaafu alirudi kwenye mizinga yake porini. Siku aliyorudi na asali, nyumba yote ilisimama. Ndoo iliwekwa mezani, masega yakiwa bado yana nyuki wawili watatu waliolewa moshi, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa, si Baba, si Mama, si Bibi mwenyewe. Babu alichovya kijiko, akakizungusha hadi uzi wa asali ukakatika, akakipitisha juu ya vichwa vyao vyote mpaka mdomoni mwangu.

"Mke mdogo kwanza," alisema.

Nililamba. Walingoja. Niliposema "Tamu," ndipo wengine walipokula. Kama kulikuwa na sheria nyingine katika nyumba ile, mimi sikuijua.

Asubuhi moja kikombe kilimdondoka Babu mkononi. Aliinama kukiokota, mkono ukakataa, akataka kusema kitu na mdomo ukaenda upande. Kiharusi, watu wazima walisema, wakiwa wamesimama uani kana kwamba neno lenyewe lisingeweza kuingia ndani. Aliporudi kutoka hospitali upande wake wa kulia ulikuwa umelala, mguu, mkono na bega lile la wapagazi, na maneno yote ya maisha yake yalikuwa yamepungua hadi mawili. La kwanza lilikuwa "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi, ambayo sasa aliitoa hata jua likizama. La pili lilikuwa "mke".

"Mume amebakiwa na maneno mawili," Bibi alisema akimfuta mdomo, "moja la asubuhi, moja la wake zake. Anatutosha." Akacheka peke yake.

Mimi sikusikitika sana, nasema kweli. Neno la pili lilikuwa langu.

Mahindi yalikuwa yameshavunwa ilipotokea mara ya kwanza. Tulikuwa mezani. Niliona vidole vya mkono wake wa kulia, vile vilivyolala, vinacheza. Kisha kiganja. Kisha mkono wote ukaanza kuruka juu ya meza, na bega likaamka. Niliruka kwa furaha. "Bega limeamka! Babu amepona!" nilipiga kelele, na kabla sijamaliza Mama alikuwa ameninyakua na kunitoa nje, na Bibi anapiga mayowe watoto wasogee, povu lisiwaguse.

Hospitali muuguzi alieleza taratibu, mara mbili, nami nikiwa nimeshika kanga ya Mama. "Kiharusi kimeacha kovu kichwani. Kovu hilo ndilo linalowasha hii mitetemeko. Si pepo, wala haiambukizi. Povu halimhamii mtu. Akianza, mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni, mngoje ipite. Na dawa hizi, asubuhi na jioni, msiruke hata siku moja."

Bibi aliitikia kwa kichwa. Tulipofika nyumbani alisema, "Yeye anasema hivyo kwa kuwa ana glavu."

Povu lilimshinda Bibi. Alikuwa ameishi na Babu zaidi ya miaka arobaini, alimwosha, alimlisha, alimtania, lakini mkono ule ulipoanza kucheza alirudi nyuma hadi ukutani, na baadaye alilia kwa aibu jikoni. Mama na Baba walishinda kazini. Kwa hiyo Baba alimpigia simu kaka yake wa Usoke, na kaka yake akamleta Sabina.

Sabina alikuwa binti wa baba yangu mkubwa, msichana mrefu aliyemaliza darasa la saba na kungoja matokeo. Alishuka na begi moja, na begi lile na nywele zake na kila kanga aliyojifunga vilinuka tumbaku iliyokaushwa, maana kwao walikuwa wakilala hatua chache kutoka kwenye bani, kibanda cha kukaushia majani ya tumbaku. Harufu ile ilikuwa tamu, nzito, yenye moshi. Niliichukia tangu alipovuka kizingiti. Alikuwa mjukuu kama mimi, na kwa hesabu ya utani alikuwa mke kama mimi, na hakuna aliyeniuliza.

"Shikamoo Babu," alisema akipiga goti.

"Mwangaluka," Babu akajibu, na jicho lake zima likamwangalia kwa muda mrefu.

Sabina hakuogopa povu. Alikuwa na mdogo wake aliyewahi kuugua kifafa, na alisema povu ni mate tu, hata wewe unayo. Mkono wa Babu ulipoanza kucheza sisi sote tulitolewa nje, na Sabina akabaki naye nyuma ya pazia. Nilisimama upande wangu wa kile kitambaa cha maua nikisikiliza. Nilisikia kitanda kikigonga ukuta. Nilisikia sauti ya Sabina ikihesabu polepole, moja, mbili, tatu, kama watu wanaocheza mchezo. Kisha kimya. Nilipochungulia, kichwa cha Babu kilikuwa mapajani mwake, anamfuta jasho, na Babu, macho yakiwa bado yanaelea, akasema, "Mke."

Akamwambia yeye.

Sijui kama ninaweza kuueleza wivu ule kwa watu wazima. Nimewahi kuachwa na mwanaume, nikamwona barabarani na mwingine, na haukufikia hata nusu yake. Kwa akili yangu mambo yalikuwa wazi: bega la Babu lilikuwa limelala, na Sabina ndiye aliyejua kuliamsha. Alikuwa akiliamsha nyuma ya pazia, siri yao wawili, na kila alipomaliza alipewa neno langu kama zawadi. Nilianza kumkanyagia kandambili zake kwenye tope. Nilimwambia mbele ya wageni kwamba ananuka kama sigara ya mzee.

"Basi usinivute," alijibu, na wageni wakacheka. Nilimchukia zaidi kwa kuwa alichekesha.

Na asali ikawa yake. Babu alimeza kwa shida, kwa hiyo Sabina alikiponda kidonge katikati ya vijiko viwili hadi kikawa unga, akauchanganya na asali, akaweka kijiko kwenye kisosi kando ya kitanda, kisha akaenda jikoni kuchukua uji wa kushushia. Nilimtazama kila siku. Asali ya mizinga yetu ilikuwa ikipita mbele ya pua yangu asubuhi na jioni kwenda kwa mume wangu, kwa mkono wa mwingine.

Siku moja aliondoka kwenda kuchukua uji nami nikajipenyeza ndani. Babu aliniona. Upande mmoja wa uso wake ukatabasamu. Akanyoosha mkono wa kushoto, ule uliokuwa bado wake, akakichukua kijiko, akakizungusha kwa shida ili uzi wa asali ukatike, na akakileta, kikitetemeka, mpaka mdomoni mwangu.

Nililamba chote. "Tamu," nilisema.

Ilikuwa tamu, kisha ikawa chungu. Nilijua kwamba ndani yake kulikuwa na dawa. Sitajificha nyuma ya miaka minane. Lakini kichwani mwangu dawa ilikuwa kitu cha Sabina, na uchungu ule nikadhani ni mkono wake uliobaki ndani ya asali yetu, na nikaumeza kama mtu anayefuta nyayo za mwenzake mlangoni.

Sabina aliporudi alikuta kijiko kimelambwa safi. "Babu! Umejilisha mwenyewe?" Babu akasema, "Mwangaluka." Sabina alikimbia na bakuli la uji mkononi hadi uani. "Bibi! Babu anajilisha! Kijiko kitupu, njoo uone!" Bibi akapiga kigelegele, na jirani akauliza ng'ambo ya ukuta nani kaolewa.

Tangu siku ile Sabina alimwachia kijiko makusudi, azoee. Alikuwa akikaa jikoni muda mrefu kidogo, akijisifu kimoyomoyo, nami nikiwa chumbani na mume wangu. Asubuhi na jioni Babu alikinyoosha, mimi nikalamba. Tulikuwa tumerudiana.

Shuleni nilianza kusinzia. Kichwa kilidondoka juu ya daftari, miguu ikayumba nikitoka nje. Mwalimu akanirudisha nyumbani na barua kwamba nipimwe malaria. Bibi alinitazama nikipepesuka uani, akashika kiuno.

"Sabina! Huyu mtoto umemruhusu kuingia kule Babu akianza?"

"Hapana, Bibi."

"Mbona anatembea kama amelewa? Kifafa kimemhamia. Nilisema!"

Sabina aliniwekea mkono kwenye paji la uso. Mkono ulinuka tumbaku. Nikaupiga, nikaenda kulala.

Jumamosi moja asubuhi Sabina alikuwa nje akianika nguo. Niliingia chumbani, na kabla sijafika kitandani nikaviona vidole vya mkono wa kulia vinacheza. Moyo ulinipaa. Bega linaamka, na leo nipo mimi. Niliushika ule mkono kwa mikono yangu miwili. Ulikuwa na nguvu, ulinivuta, na kwa pumzi mbili au tatu nilikuwa mtoto mwenye furaha kuliko wote Tabora.

"Mume wangu," nilisema, "ni mimi."

Kichwa chake kikageuka upande mwingine. Macho yalikuwa wazi na hayakuwa na mtu. Mkono ulifunga juu ya vidole vyangu hadi nikalia, mwili wote ukakakamaa, na kifuani mwake kukatoka sauti ambayo haikuwa ya Babu wala ya mtu yeyote ninayemjua. Midomo ikabadilika rangi. Nilimwita kwa majina yote, Babu, mume wangu, tena Babu. Hakuwepo. Bega halikuwa limeamka kwa ajili yangu, wala halikuwahi kuamka kwa ajili ya Sabina. Hakukuwa na mchezo wowote nyuma ya pazia lile. Jina nililolipigia kelele, kwa nguvu zote, lilikuwa lake.

"Sabina! Dada Sabina!"

Alikuja na povu la sabuni hadi viwiko. Alivichomoa vidole vyangu taratibu, akasukuma stuli mbali, akamgeuza Babu ubavu, akamwekea kanga chini ya kichwa. Bibi alitokea mlangoni na mwiko, anataka kumtenganisha meno. "Bibi, hapana! Hakuna kitu mdomoni!" Kisha akaniambia bila kunitazama, "Hesabu na mimi. Kwa sauti." Tulihesabu. Mtetemeko ulipita, ukapumzika, ukaanza tena, na nambari zikawa kubwa kuliko nilizofundishwa shuleni.

Hospitali walimtuliza. Muuguzi yule yule akauliza dawa anapewa na nani.

"Mimi," Sabina alisema. "Asubuhi na jioni."

"Anayekunywa dawa vizuri hawi hivi. Kuna siku hapewi. Siku nyingi."

Jioni ile Baba alimweka Sabina kwenye kiti sebuleni. "Mwanangu, sema ukweli. Ulikuwa unavitupa?"

"Sijavitupa, baba mdogo. Babu alikuwa anajilisha. Nilikuta kijiko kitupu."

"Ulimwona kwa macho yako akila?"

Sabina angeweza kudanganya. "Hapana," alisema.

Iliamuliwa arudi Usoke Babu akishatoka hospitali. Mwongo na mzembe, alisema Baba kwenye simu kwa kaka yake, na Sabina alikuwa amesimama pale pale anasikia. Ningeliweza kusema neno moja. Nilikuwa nimeshinda: Sabina anaondoka, pazia ni langu, asali ni yangu. Nilikaa kimya siku tatu, na kila chakula nilichokula siku hizo kilikuwa kichungu.

Asubuhi ya safari nilimkuta akikunja nguo zake. Hakunifukuza.

"Nani atakaa naye?" aliuliza.

"Mimi."

"Basi sikiliza, mke mwenza." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo. "Akianza, usimshike mkono. Mlaze ubavu, uhesabu. Akiamka hajui yuko wapi, wala mbele yake ni nani. Atakwambia 'mke' hata kama wewe ni paka. Wewe itika tu."

Hata kama wewe ni paka. Neno langu nililolililia wiki zote zile, yeye hakuwahi hata kulichukua kuwa lake. Nilitaka kumwambia. Badala yake nikamshikia begi alifunge.

Babu alikuwa ameletwa jana yake. Begi la Sabina lilikuwa tayari mlangoni, Baba anangoja bodaboda, lakini Bibi hakuridhika. Alikuwa mtu wa kutaka kuona. Alichanganya dawa na asali yeye mwenyewe, akaita watu wote chumbani, akaweka kijiko katika mkono wa kushoto wa Babu.

"Haya mume wangu. Jilishe, kama huyu binti anavyosema. Nasi tuone."

Babu alikitazama kijiko. Akatutazama, mmoja mmoja, akitafuta. Kisha akakizungusha polepole hadi uzi wa asali ukakatika, akakipitisha mbele ya Bibi, mbele ya Baba, mbele ya Sabina, mpaka kikasimama mbele ya mdomo wangu.

"Mke," alisema. Akakaza uso, jasho likimtoka, akichimba neno ambalo hakuwa amelitamka tangu kikombe kile kidondoke. "Mdogo."

Nilikuwa nimelitaka hilo, mbele ya watu wote, mbele ya Sabina. Nililipata lote kwa mara moja.

Bodaboda ilipiga honi nje.

"Ni mara ngapi?" Baba aliuliza, kwa sauti ndogo sana.

"Kila siku," nilisema.

Bibi alikaa chini sakafuni kama gunia. Sabina alinitazama machoni, akaelewa. "Ndiyo maana ulikuwa unasinzia," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeogopa, si aliyekasirika. Mkono wa Babu ulikuwa bado umenyooka, unatetemeka, asali inadondoka kwenye shuka. Bibi aliusukuma kuelekea mdomo wa Babu mwenyewe, Babu akakaza midomo. Baba alijaribu, Babu akakataa. Hangekula kabla ya mke mdogo. Ndivyo ilivyokuwa siku zote, na kati ya yote aliyoyapoteza hilo hakulipoteza.

Sabina alitoka. Nilidhani amekwenda zake. Alirudi na kijiko cha pili, asali tupu, akanipa.

"Vijiko viwili," alimwambia Babu. "Cha mke mdogo kwanza."

Nililamba. Niliingoja chaki, haikuja. "Tamu," nilisema, nikilia, na Babu akafungua mdomo akala chake.

Baba alitoka akailipa bodaboda iondoke. Aliporudi alimwomba Sabina msamaha akiwa amesimama, na hiyo ni mara pekee niliyomwona akimwomba mtoto. Mimi nilichapwa na Mama, kisha nikapelekwa kupimwa, kisha nikafundishwa kuhesabu mpaka mia mbili. Vijiko viwili vilikaa kwenye kisosi kile mpaka Babu alipofariki, miaka kadhaa baadaye, mchana, mimi nikiwa shuleni. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwa Sabina.

Sabina sasa ndiye mwenye mizinga. Ndiye anayenitumia kidumu, na ndani ya mfuko huweka kijiko kimoja, cha bati, cha bei ya chini. Ninavyo droo nzima. Akishajua basi limefika hupiga simu.

"Mke mwenza, umeonja?"

"Bado."

"Haya onja, watoto huku wanangoja. Nimewaambia haiguswi."

Naonja. Nasubiri kidogo, kama kawaida yangu, naye ng'ambo ananisikia nikisubiri na haniharakishi. Nataka kumwuliza Babu alimwambia nini siku ile ya mwisho, kama alisema lile neno, na kama alijua anamwambia nani. Sijawahi kuuliza. Naogopa atajibu.

"Tamu," namwambia.